Kuhakiki Utafiti wa Saikolojia Hatua kwa Hatua: Mfano wa Mtihani wa Mashmalo

Wazazi wengi wamewahi kusimuliwa, kwenye semina ya malezi au katika ujumbe unaosambazwa kwa simu, habari ya mtoto aliyewekewa mezani peremende laini iitwayo mashmalo na kuambiwa kwamba akivumilia bila kuila mpaka mtu mzima arudi, atapewa ya pili. Simulizi hiyo huishia kwenye fundisho kwamba waliosubiri walifanikiwa maishani na walioshindwa kusubiri hawakufika mbali. Utafiti wenyewe ni wa kweli: ulifanywa na Walter Mischel na wenzake katika chekechea ya Bing iliyoko Chuo Kikuu cha Stanford, California, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Fundisho linaloambatanishwa nao ndilo lenye kasoro, na kasoro hiyo haionekani mpaka mtu afungue sehemu ya mbinu na kuuliza maswali.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, mwalimu, mwandishi wa habari au msomaji yeyote anayetaka kuyauliza maswali hayo mwenyewe. Nimeamua kuufuata mtihani wa mashmalo tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu ni rahisi zaidi kujifunza uhakiki kwa kuuchambua utafiti mmoja vizuri kuliko kukariri orodha ya makosa. Katika kila hatua, swali kuu ni lile lile: kama dai la mtafiti si la kweli, ni jambo gani jingine lingeweza kuleta matokeo haya haya?

Hatua ya kwanza: ipate makala yenyewe

Habari ya gazeti kuhusu utafiti si utafiti. Vivyo hivyo taarifa ya chuo kwa vyombo vya habari, na hata ikisiri (muhtasari mfupi ulio mwanzoni mwa makala) peke yake, kwa kuwa ikisiri huandikwa ili kuvutia na mara nyingi huacha idadi na masharti yanayolidhoofisha dai. Tafuta kichwa cha makala kwenye Google Scholar, tovuti ya kutafutia maandiko ya kitaaluma, na ubofye sehemu inayoonyesha matoleo yote, kwani mara nyingi mojawapo hupatikana bila malipo. Hifadhi ya PsyArXiv nayo hutunza rasimu nyingi za makala za saikolojia ambazo yeyote anaweza kuzisoma. Njia hizo zikishindikana, mwandikie mtafiti barua pepe fupi yenye adabu. Wengi hufurahi kuombwa kazi yao.

Ukishaipata, usiisome kwa mpangilio ilivyochapishwa. Soma ikisiri, kisha ruka utangulizi uende moja kwa moja kwenye mbinu, halafu majedwali ya matokeo. Funga makala hapo, uandike kwa sentensi mbili au tatu unachodhani kimethibitishwa. Ndipo urudi kusoma utangulizi na mjadala. Utangulizi uliotungwa kwa ustadi humfanya msomaji aone kila takwimu inayofuata kama uthibitisho wa jambo alilokwisha kulikubali, na mimi huona hiyo ndiyo njia ya kawaida kabisa ya msomaji makini kupotoshwa bila mtu yeyote kusema uongo.

Hatua ya pili: tambua swali na aina ya utafiti

Katika jaribio, mtafiti hubadilisha jambo moja kwa makusudi na kuwagawa washiriki katika makundi kwa bahati nasibu, kisha hulinganisha makundi hayo. Katika utafiti wa uwiano habadilishi kitu. Hupima mambo mawili au zaidi na kuangalia kama yanakwenda pamoja. Upo pia utafiti wa kueleza, unaochora tu hali ilivyo kwa njia ya mahojiano, ushuhudiaji au dodoso. Kila aina ina madai inayoweza kuyabeba na mengine isiyoyaweza.

Hapa ndipo simulizi ya mashmalo inapoanza kuyumba. Kazi ya mwanzo ya Mischel, kama ile aliyoichapisha pamoja na Ebbe Ebbesen mwaka 1970, ilikuwa majaribio. Baadhi ya watoto waliachiwa zawadi mbele ya macho, wengine ikafichwa, na ikaonekana kwamba zawadi isipoonekana watoto husubiri muda mrefu zaidi. Swali lilihusu mazingira na mbinu za kusubiri. Halikuwa swali la nani amezaliwa na nia imara na nani hakuzaliwa nayo. Dai la kwamba kusubiri hutabiri mafanikio lilikuja baadaye, katika ufuatiliaji uliochapishwa na Yuichi Shoda, Mischel na Philip Peake mwaka 1990, na huo ulikuwa utafiti wa uwiano. Watu wengi husimulia jaribio la kwanza kisha huambatanisha hitimisho la utafiti wa pili, na hivyo uwiano huvishwa heshima ya jaribio.

Hatua ya tatu: hesabu watu, kisha uwahesabu tena

Usiridhike na idadi iliyotajwa mwanzoni mwa sehemu ya mbinu. Fuata idadi hiyo kutoka jedwali hadi jedwali, kama mfanyabiashara anavyofuatilia mzigo wake kutoka bandarini hadi dukani, na kila mahali inapopungua uulize watu hao wameenda wapi. Watoto waliopita katika majaribio ya Bing walikuwa 653. Miaka mingi baadaye wazazi walitumiwa madodoso, na taarifa zilizorudi zilihusu watoto 185. Uwiano uliopata umaarufu duniani kote, ule wa muda wa kusubiri na alama za SAT, yaani mtihani wa kuingilia vyuo vikuu vya Marekani, ulitokana na watoto 35 tu.

Kwa nini 35? Kwa sababu majaribio ya awali yalikuwa na masharti mbalimbali: zawadi iliyo wazi au iliyofunikwa, mtoto aliyepewa wazo la kumsaidia kusubiri au aliyeachwa abuni mwenyewe. Uwiano ulijitokeza kwa wale walioachiwa zawadi wazi bila kupewa wazo lolote. Watafiti walikuwa na sababu ya kinadharia ya kulitazama kundi hilo, kwa maana mtoto anayeshindana na kishawishi bila msaada huonyesha zaidi uwezo wake. Sababu hiyo ni nzuri. Hata hivyo, msomaji anatakiwa kuandika pembeni kwamba dai linasimama juu ya kundi dogo lililotolewa ndani ya kundi kubwa.

Udogo huo una gharama inayoweza kuhesabiwa. Uwiano hupimwa kwa namba kati ya -1 na 1, ambapo 0 ni kukosekana kwa uhusiano wa mstari. Kwa hisabati za SAT, uwiano ulioripotiwa ulikuwa 0.57, ambao katika saikolojia ni mkubwa sana. Lakini kwa watu 35, ukipiga hesabu ya kawaida ya kiwango cha uhakika cha asilimia 95, utaona kwamba takwimu hizo zinapatana na uwiano wa kweli wowote kati ya takribani 0.29 na 0.76. Ncha ya chini ni uhusiano wa wastani. Ncha ya juu ni uhusiano mkubwa mno. Makala ikikupa namba moja bila mipaka yake, tafuta kikokotoo cha mipaka ya uwiano kwenye intaneti, uingize uwiano na idadi ya watu, na utapata mipaka hiyo kwa muda wa kunywa kikombe cha chai.

Chunguza vilevile nani amepotea njiani. Iwapo wazazi waliojibu dodoso ni wale ambao watoto wao wanaendelea vizuri, au ambao anwani zao hazikubadilika, basi sampuli iliyobaki, yaani kundi la watu wanaochunguzwa, haifanani tena na ile ya mwanzo.

Hatua ya nne: uliza hawa ni akina nani

Chekechea ya Bing ilihudumia kwa sehemu kubwa watoto wa wahadhiri, wanafunzi na wafanyakazi wa Stanford. Ni vigumu kupata kundi jingine la watoto lililo mbali zaidi na hali ya kawaida ya binadamu, na bado matokeo yao yalihubiriwa kama habari ya watoto wote. Mischel hakuwa peke yake katika hilo. Jeffrey Arnett alipochambua majarida makubwa ya saikolojia ya Marekani katika makala yake ya mwaka 2008, aliona kwamba takribani asilimia 96 ya washiriki walitoka katika nchi zenye viwanda za Magharibi. Miaka miwili baadaye Joseph Henrich, Steven Heine na Ara Norenzayan walionyesha kwamba watu wa jamii hizo si kielelezo cha binadamu wengine, na kwamba katika vipimo vingi wao ndio wanaokaa pembezoni.

Mwaka 2018 Bettina Lamm na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapa mtihani wa aina hii watoto wa miaka minne kutoka tabaka la kati nchini Ujerumani na watoto wa wakulima Wanso wa Kameruni. Takribani asilimia 70 ya watoto Wanso walisubiri mpaka mwisho, ilhali kwa Wajerumani walikuwa takribani asilimia 28. Zawadi ya Wanso haikuwa mashmalo, bali andazi dogo la mviringo liitwalo puff-puff, ambalo msomaji wa Pwani angeliona kama kalimati isiyotiwa shira. Angalizo hilo si la kupuuzwa: mtoto asiyeijua mashmalo hana kishawishi cha kushindana nacho, hivyo kubadilisha zawadi kulilinda maana ya mtihani.

Je, tuseme basi Wanso wana nia imara kuliko Wajerumani? Hapana, kwa sababu kosa lingekuwa lile lile limegeuzwa upande. Watoto hao hulelewa kutii wakubwa na kutuliza hisia zao mapema. Huenda kusubiri kwao ni utii wala si kujizuia. Swali hilo linatupeleka kwenye hatua ninayoiona kuwa ngumu kuliko zote.

Hatua ya tano: pima kipimo

Saikolojia hupima mambo yasiyoonekana, kama akili, wasiwasi, nia na upendo, kwa kutumia mambo yanayoonekana. Kati ya dakika za kusubiri na kitu kiitwacho kujizuia kuna daraja, na kazi yako ni kulikagua daraja hilo. Kipimo kiwe thabiti, yaani kitoe jibu linalokaribiana kikirudiwa kwa mtu yule yule, na kiwe halali, yaani kipime kile kinachodaiwa kupimwa. Mizani iliyoharibika inaweza kuwa thabiti kwa kuongeza nusu kilo kila siku. Uthabiti huo hauifanyi iseme kweli.

Celeste Kidd na wenzake walilijaribu daraja la mashmalo mwaka 2013. Watoto 28 walikutana kwanza na mtu mzima aliyewaahidi vifaa bora vya kuchorea. Kwa nusu yao ahadi ilitimizwa, kwa nusu nyingine mtu huyo alirudi mikono mitupu. Mtihani ulipofuata, watoto walioona ahadi ikitimia walisubiri kwa wastani wa dakika 12, na waliodanganywa dakika 3. Kumbe dakika za kusubiri zinaweza kupima imani ya mtoto kwa mtu mzima aliye mbele yake. Mtoto aliyekulia mahali ambapo chakula kinachoahidiwa mara nyingi hakiji anafanya uamuzi wa busara anapokula alichonacho. Sampuli ya watoto 28 ni ndogo, na uhakiki wa hatua ya tatu unahusu utafiti huu pia, lakini tofauti ilikuwa kubwa, na mgawanyo ulikuwa wa bahati nasibu.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, ukaguzi wa kipimo una sura ya ziada, nayo ni lugha. Madodoso mengi yanayotumika kwetu yalitungwa kwa Kiingereza. Mtafiti anapouliza juu ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni iliyopita kiasi, msikilizaji wa Tanzania anaweza kuwa hajawahi kulitumia neno hilo nyumbani. Wa Kenya huenda amesoma gazetini neno jingine la hali hiyo hiyo, unyogovu. Na wote wawili wangeelewa vizuri zaidi wakiulizwa kama wanawaza sana mpaka usingizi unakosekana. Angalia kama makala inaeleza nani alitafsiri, kama mtu mwingine aliirudisha tafsiri hiyo katika lugha ya awali bila kuona maandishi ya mwanzo, na kama maswali yalijaribiwa kwa watu wachache kabla ya kazi kuanza. Angalia pia nani aliuliza. Mgeni mwenye fomu na kalamu hujibiwa kwa adabu, na adabu mara nyingi ina maana ya kukubali, hivyo dodoso ambalo maswali yake yote yanaelekea upande mmoja litavuna ndiyo nyingi zisizo na uzito.

Robert Sternberg na wenzake walitoa mfano mzuri mwaka 2001 kutoka eneo la Usenge, magharibi mwa Kenya. Waliwapima watoto 85 ujuzi wa dawa za mitishamba zinazotumika kijijini kwao, kisha wakawapa mitihani ya akili na msamiati. Waliojua dawa zaidi walielekea kupata alama za chini katika msamiati wa shule. Mtu aliyekuwa na mtihani wa pili peke yake angewaita watoto hao wazito wa kuelewa, ilhali walikuwa na maarifa ambayo yeye mwenyewe hakuwa nayo.

Kipimo huweza kuharibiwa hata na mtafiti mwenyewe, kwa kuwadokezea washiriki anachokitarajia. Jaribio la gereza la Stanford la mwaka 1971, lililoongozwa na Philip Zimbardo, ambamo vijana waligawiwa nafasi za walinzi na wafungwa katika gereza la kuigiza, lilipangwa kuchukua wiki mbili likasitishwa baada ya siku sita, na kwa miongo mingi lilifundishwa kama ushahidi kwamba mtu wa kawaida akivikwa madaraka hugeuka katili. Kumbukumbu zilizochambuliwa na Thibault Le Texier katika makala ya mwaka 2019 zilionyesha kuwa walinzi walielekezwa namna ya kuwa wakali. Isitoshe, Zimbardo alikuwa mtafiti na pia mkuu wa gereza. Unaposoma mbinu, tafuta kama mtu anayepima alijua mshiriki yuko kundi gani. Kama alijua, andika hivyo.

Hatua ya sita: tenganisha sababu na uwiano

Tuseme sampuli ni nzuri na kipimo ni halali. Bado mtoto anayesubiri na mtoto anayefaulu shuleni wanaweza kuwa mtoto mmoja kwa sababu ya jambo la tatu, kama vile kipato cha nyumbani au elimu ya mama. Tyler Watts, Greg Duncan na Haonan Quan waliliangalia jambo hili mwaka 2018 kwa kutumia takwimu za watoto 918 wa Marekani, huku uchambuzi wao mkuu ukiwahusu wale ambao mama zao hawakuwa na shahada. Uwiano kati ya kusubiri na matokeo ya masomo katika umri wa miaka 15 ulikuwapo, lakini ulikuwa takribani nusu ya ule wa awali, na walipozingatia hali ya familia, mazingira ya nyumbani na uwezo wa mapema wa mtoto, ulipungua kwa theluthi mbili.

Vyombo vya habari vikatangaza kwamba mtihani wa mashmalo umekufa. Mhakiki mzuri hashangilii upesi hivyo, kwani utafiti wa kusahihisha nao ni utafiti. Katika takwimu hizo muda wa kusubiri ulikomea dakika 7, na watoto wengi waliufikia ukomo huo, kwa hiyo tofauti kati ya mvumilivu na mvumilivu zaidi haikuweza kuonekana. Tena, kuondoa kihesabu mchango wa uwezo wa akili wa mtoto kunazua swali zito: je, uwezo huo si sehemu ya kujizuia kwenyewe? Ukiondoa unga, usishangae ugali kukosekana. Orodhesha vigeu vilivyodhibitiwa, yaani mambo ambayo mchango wake uliondolewa kihesabu, na kwa kila kimoja amua kama ni chanzo cha pembeni au ni sehemu ya jambo linalochunguzwa.

Hatua ya saba: soma takwimu bila woga

Huhitaji kuwa mwanahisabati. Thamani ya p inaeleza jinsi ambavyo matokeo haya, au makubwa zaidi, yangekuwa adimu endapo kwa kweli hakuna tofauti yoyote. Haielezi uwezekano wa dai kuwa kweli wala ukubwa wa athari. Kwa hiyo tafuta ukubwa wa athari katika vipimo unavyovielewa: dakika, alama, siku.

Hatari kubwa iko kwenye uhuru wa mtafiti kuchagua baada ya kuona takwimu. Joseph Simmons, Leif Nelson na Uri Simonsohn walilithibitisha hilo kwa kejeli mwaka 2011, walipotumia njia zilizokubalika wakati huo kuonyesha kwamba kusikiliza wimbo fulani kuliwafanya wanafunzi wawe wadogo kiumri kwa takribani mwaka mmoja na nusu. Walikokotoa pia kwamba mtafiti anayejipa uhuru wa aina nne tu, kwa mfano kuongeza washiriki baada ya kuchungulia au kuchagua kati ya vipimo viwili, anaweza kupandisha uwezekano wa matokeo ya uongo kutoka asilimia 5 hadi takribani 61. Dawa yake ni kusajili mpango wa uchambuzi kabla ya kukusanya takwimu. Angalia kama makala inataja usajili huo, kisha ufungue mpango na uulinganishe na kilichoripotiwa.

Hatua ya nane: tazama kama umerudiwa

Mradi ulioongozwa na Brian Nosek ulirudia tafiti 100 za majarida matatu ya mwaka 2008 na kuchapisha matokeo mwaka 2015. Asilimia 97 ya tafiti za awali ziliripoti matokeo yenye umuhimu wa kitakwimu, yaani yenye thamani ya p iliyo chini ya 0.05, ilhali zilizorudiwa zilikuwa asilimia 36. Mfano unaofahamika sana ni wa mikao ya madaraka: mwaka 2010 watu 42 walitosha kudai kwamba kusimama kwa kujitanua hubadilisha homoni, mwaka 2015 Eva Ranehill na wenzake waliwapima watu 200 na kuona kwamba walijihisi tu kuwa na nguvu zaidi, bila mabadiliko ya homoni. Dana Carney, mwandishi wa kwanza wa makala ya 2010, alitangaza mwaka uliofuata ule wa marudio kwamba haamini tena athari hiyo, uungwana ambao ni nadra katika taaluma yoyote.

Kwa mashmalo, ufuatiliaji wa kuvutia zaidi ulichapishwa mwaka 2020. Watoto 113 wa Bing walifuatiliwa mpaka umri wa takribani miaka 46, kwa mpango uliosajiliwa kabla, na Mischel mwenyewe, aliyefariki 2018, akiwa miongoni mwa waandishi. Muda wa kusubiri wa utotoni haukutabiri hali yao ya kifedha na kimaisha katika umri huo.

Hatua ya tisa: andika hukumu yako

Hukumu isiwe neno moja, zuri au baya. Andika aya inayotaja dai, ushahidi, udhaifu mkubwa kuliko wote, na kitu ambacho kingekufanya ubadili mawazo. Kwa utafiti wa 1990, yangu ingesomeka hivi: “Majaribio ya awali yanaonyesha vizuri kwamba kuficha zawadi humsaidia mtoto kusubiri. Dai kwamba kusubiri hutabiri ufaulu linatokana na watoto 35 wa mazingira ya chuo kikuu, uwiano wake ulipungua sana katika sampuli kubwa, na kipimo chenyewe huchanganya kujizuia na kumwamini mtu mzima. Sitamshauri mzazi ampime mwanawe kwa peremende. Ningebadili mawazo kama utafiti uliosajiliwa kabla, usio na ukomo wa dakika 7 na unaopima imani ya mtoto kwa mtafiti, ungeonyesha uhusiano ule ule katika familia zenye kipato tofauti.”